Kiini cha Atomu na Baba Mkwe Barazani

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyotoka mbio darasani kwangu mwenyewe, chaki mkononi, nikawaacha wanafunzi wa kidato cha tatu midomo wazi. Usicheke bado. Ukishajua nilikuwa namkimbia nani, utacheka vizuri zaidi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mtu akawa mfanyabiashara. Soko la Tukuyu lilijaa mitumba na redio. Wazazi wa Ikuti nao, waliochoka kuona watoto wao wakimaliza darasa la saba na kurudi migombani, walichanga pesa za chai na ndizi wakajenga shule ya sekondari. Vyumba vilikuwa vichache, madirisha hayana vioo, na maabara ilikuwa bado maneno matupu. Mwalimu pekee wa fizikia nilikuwa mimi, Atupele, kijana mwenye mdomo, niliyeolewa hapo hapo kijijini. Mwenyekiti wa bodi ya shule alikuwa baba mkwe wangu.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwetu Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe wake hawakutani. Humtazami usoni, hukai naye chumba kimoja, hutaji jina lake. Ukimwona anakuja njiani unaingia migombani mpaka apite, naye akikuona anageuza uso. Tunaita ukutila, na ni heshima, si ugomvi. Wakristo wengi walikuwa wameshalegeza, lakini baba mkwe wangu, mzee wa kanisa mzima, hakulegeza hata kidogo, nami nilimpenda hivyo hivyo. Shuleni tulielewana bila kusemeshana: yeye aliishia ofisini kwa mwalimu mkuu, mimi nilibaki darasani.

Siku hiyo bodi ilikuwa imemleta mgeni kutoka mjini, mtaalamu wa mambo ya shule, mtu wa mkoa mwingine kabisa. Wazazi walitaka ushauri wake. Fizikia iendelee, au ifutwe na pesa za vifaa zikanunue vitabu vya biashara? Wengi walishaegemea biashara, na sikuwalaumu, maana waliokuwa wakijenga nyumba za bati wakati ule walikuwa wachuuzi. Lakini fizikia ikifutwa, watoto wale wangefungiwa udaktari na uinjinia kabla hata hawajajua kwamba mlango huo upo. Jambo hilo lilinikosesha raha kuliko mshahara wangu.

Mgeni alikaa nyuma ya darasa. Niliandika ubaoni swali langu nililolipenda kuliko yote: protoni zote zina chaji chanya, na chaji zinazofanana husukumana, kwa nini basi zinakaa pamoja ndani ya kiini cha atomu? Nikageuka nianze kujibu. Mara ikashuka mvua yetu ya Rungwe, ile isiyopiga hodi, na wajumbe wa bodi waliokuwa uani wakakimbilia mlango wa karibu. Wa kwanza kuingia alikuwa baba mkwe. Mimi nikatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Yeye aliponiona akarudi mvuani, akalowa koti zima. Darasa likabaki na swali ubaoni, bila mwalimu na bila mwenyekiti.

Ofisini mgeni alisema mwalimu amejiuliza swali, limemshinda, amekimbia. Baba mkwe, maji yakimchuruzika, akamweleza mila yetu. Mgeni alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kuwa mwalimu anayefukuzwa darasani na koti la mzee hawezi kukabidhiwa somo gumu kama hilo. Ila alikuwa mtu wa haki. Alikubali kurudi kwenye mkutano wa wazazi Jumamosi, nifundishe somo lile lile mbele ya wote, mwenyekiti akiwepo kama kawaida ya mkutano, kisha wazazi wapige kura.

Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo. Jikoni, tukimenya ndizi, nilimwambia mama mkwe kwamba Jumamosi siendi. Ningeacha ualimu nikauze mitumba Tukuyu kama wenzangu, kwa kuwa sikuona jinsi ya kusimama mbele ya mumewe bila kumvunjia heshima. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mpole, asiyependa kupoteza maneno. Aliweka kisu chini.

"Heshima ni kumpisha mzee njia," akasema. "Wewe umempisha mpaka kazi yako. Nani alikuomba?"

Mwanangu, maneno yale yaliniingia. Niliona haya, halafu nikaona hasira, halafu nikaona ni kweli. Akanieleza kuwa mzee hajagusa chakula, anajilaumu kwamba koti lake ndilo litakalofuta somo la watoto. Kisha akataka kujua swali lenyewe lilikuwa nini. Nikamwambia kwamba ndani ya kila kitu, hata ndizi hizi, kuna vitu vidogo vinaitwa protoni, navyo vinakimbiana kama mimi na baba, lakini vinaishi kiini kimoja. Aliguna tu, akachukua sahani akampelekea mumewe barazani. Akarudi na salamu zake kwangu, kama alivyofanya kila siku tangu niolewe. Nilimtazama akienda na kurudi, nikaanza kucheka peke yangu. Nilikuwa nimeshajua nitakachowaambia wazazi.

Mpango wa kukaa aliupanga mama mkwe. Jumamosi mzee alikaa nje, barazani, mgongo ukutani chini ya dirisha la darasa. Ndani, kwenye dirisha hilo hilo, alikaa mama mkwe. Wazazi walijaa mpaka mlangoni, na mgeni akapewa kiti cha mbele.

Sikusema Kiingereza hata neno moja. Waliochanga walikuwa wazazi, na niliona wana haki ya kuelewa walichokinunua. Nilishika kipande cha mkaa nikawaambia wauvunje kwa mawazo, wauvunje tena na tena, mpaka wafike kwenye chembe ambayo ukiipasua si mkaa tena. Hiyo ndiyo atomu. Ingekuwa na ukubwa wa uwanja wa mpira, kiini chake kingekuwa punje ya ulezi katikati ya uwanja, elektroni zikiwa huko pembezoni, na kati yao patupu. Lakini karibu uzito wote wa uwanja umo ndani ya ile punje. Mama mmoja aliyefunga mtoto mgongoni akaomba nirudie, nikarudia, akaitikia kwa kichwa kwa furaha.

Kisha nikafika kwenye swali langu. Nikasema ndani ya ile punje zimo protoni, na protoni na protoni ni kama mkamwana na baba mkwe wake.  Wote walijua nani amekaa nje ya dirisha. Sikurudi nyuma. Nikasema zinasukumana, na zingeachwa hivyo zingetawanyika, na dunia isingekuwa na mkaa wala migomba wala sisi. Ila zikiwa zimekaribiana sana, ipo nguvu nyingine inayozishika, nguvu ya nyuklia, kubwa kuliko msukumo ule. Na wapo wengine nyumbani humo, nyutroni, wasio na chaji. Wao hawamsukumi mtu kwa chaji, lakini nao wanashika na kushikwa. Wanaongeza mshiko bila kuongeza msukumano. Nikasema kila nyumba ya hapa Ikuti inajua ni nani anayebeba sahani na salamu kati ya watu wawili wasioonana. Watu wakageuka kumtazama mama mkwe, naye akajifanya anakunja khanga yake. Kicheko kilichofuata kilifika barabarani.

Niliwaambia pia kuwa mfano una mwisho wake, kwa sababu protoni hazina adabu, zinasukumana tu. Mgeni alikuwa ameegemea mbele, magoti karibu yaguse ubao. Hapo sauti ikasikika barazani, chini chini, na mama mkwe akainama dirishani akasikiliza, akanigeukia.

"Mzee anauliza, nyumba ikijaa sana, amani itabaki?"

Nilitaka kulia kwa furaha, mwanangu, kwa kuwa mgeni mwenyewe hakuwa ameliuliza swali hilo, na ndilo lenye uzito. Nilijibu nikilielekea dirisha bila kulitazama. Nguvu ile ya kushika ina mkono mfupi, humfikia jirani wa karibu tu. Msukumano unaifikia kila protoni kiinini. Kwa hiyo kiini kinavyokua kinahitaji nyutroni nyingi zaidi ya protoni, na kikizidi kuwa kikubwa, kama cha madini ya urani, hata nyutroni hazitoshi. Kinatoa vipande vyake nje, kidogo kidogo, mpaka kipate utulivu, na huo ndio mnururisho, unaotumika hospitali kubwa kuchoma saratani.  Kisha tukamsikia mzee akicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeridhika.

Mgeni alisimama kabla ya kura. Alisema ushauri wake wa kwanza ameufuta, na kwamba amekaa vyuoni miaka mingi bila kusikia kiini kikielezwa namna ile. Mikono ikainuka darasa zima, mpaka ya waliosimama uani. Ndipo baba mkwe akasema mwenyewe, kwa sauti ya mwenyekiti, akiongea na migomba ya uani ili asiongee nami:

"Fizikia inabaki. Na mkamwana wangu aambiwe, siku nyingine nikiingia darasani kwake, atakayetoka ni mimi."

Wanawake walipiga vigelegele. "Ndaga fijo," nikajibu, asante sana, nikiuelekea ubao, na machozi yalinitoka mbele ya watu wote bila aibu yoyote. Tulishinda, mwanangu. Shule ile ilitoa wauguzi, mafundi mitambo na walimu, na wapo leo wanaofundisha kiini kwa mfano wangu bila kuniomba ruhusa.

Basi sikia. Waheshimu wakubwa zako, na mila yenu msiitupe kwa sababu mgeni haielewi. Lakini kazi uliyopewa usimkabidhi mtu kwa jina la heshima, kwa kuwa mzee anayekupenda hakuiomba. Na ujuzi wako uueleze kwa lugha ya waliokulipia ada. Mungu akupe kazi unayoipenda, akupe watu wa kukuuliza maswali magumu, na akupe walau siku moja ya kushinda mchana kweupe, huku wanaokupenda wakisikia.