Hofu ya sonona ya kurithi ilinipeleka Lusangi kumvua dada yangu jina lake

Salaam wakuu wa jukwaa hili.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi, lakini hili limenikaa kooni. Limenipata mimi mwenyewe. Nimebadilisha majina tu, na mke wangu amesoma kila mstari kabla sijapandisha ili nisitie chumvi.

Mimi ni Mkongomani, naishi Kasongo, Maniema. Kazi yangu ni pikipiki. Nabeba watu na mizigo kwenda Kabambare na vijiji vya njiani. Kiswahili chetu kina mambo yake, kwa hiyo wahusika wangu wakisema "iko" kila mahali, au "kenye" badala ya "kile ambacho", msinishangae.

Niwaambie mapema pia kwamba mimi ni mwoga. Watu wenye silaha nimekutana nao barabarani nikapita. Ninachoogopa mimi ni magonjwa. Nikipiga chafya tu naanza kuaga ndugu.

Sasa twende.

Ilikuja timu ya watafiti. Wakanikodi mimi na wenzangu tuwazungushe vijijini, maana gari kwenye barabara zile ni mapambo. Kazi yao ilikuwa kuongea na watu, kuwapima presha na sukari, halafu anayekubali anatema mate kwenye kichupa. Mate yanapelekwa maabara kuangalia DNA.

Niliyembeba mimi alikuwa daktari, mama mmoja mcheshi, nimwite Dokta Furaha. Siku moja tumekwama kwenye matope, tunasubiri watu wa kutusukuma, nikamuuliza mate ya watu yana faida gani.

Akaniambia wanachunguza sonona. Ile hali ya mtu kukosa hamu ya kila kitu, roho nzito, mwili umechoka bila kazi, wiki nenda wiki rudi. Kwamba kuna koo ambazo inaonekana zaidi kuliko nyingine, na wanataka kujua vinasaba vinachangia nini. Na kwamba wenye sonona mara nyingi wanakutwa pia na magonjwa ya moyo au sukari, kwa hiyo wanatafuta kama mizizi yake inagusana.

Wakuu, niliitikia "ndiyo, dokta" huku simsikii tena.

Maana nilimkumbuka baba.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga, mtu wa utani, harusi haichangamki mpaka afike. Halafu ikaja miaka akawa anakaa nyuma ya nyumba, uso ukutani. Ukimsalimia anaitika kwa kichwa. Shamba likaliwa na majani. Wengine walisema amelogwa, wengine malaria imempanda kichwani. Akafa ghafla, wakasema moyo. Na kaka yake, baba mkubwa, alipita njia hiyo hiyo.

Na wakati nakwama kwenye matope yale, yaya Mwamini alikuwa na miezi kadhaa haongei vizuri na mtu. (Kwetu yaya ni dada mkubwa. Watanzania, acheni kucheka, sijaajiri mtu wa kulea watoto.)

Yaya Mwamini ameolewa Lusangi. Kila nikiuliza hali, naambiwa malaria. Mara tifoidi. Ametibiwa malaria na tifoidi mpaka nesi amemchoka.

Kuanzia siku ile sikutulia. Nikiamka mwili mzito, najiambia imeanza. Nikisikia moyo unadunda baada ya kupanda mlima na gunia la mchele, nasema huo ndio moyo wa baba. Mke wangu Zawadi akanichoka: "Wewe uko mugonjwa ya masikio. Kila kenye unasikia, kinakuingia."

Lakini hofu yangu kubwa haikuwa juu yangu.

Nina binti anasoma shule ya msingi. Jina lake Mwamini. Nilimpa jina la yaya.

Hapa lazima nieleze kidogo, hasa kwa watu wa mjini. Kwenye ukoo wetu, ukimpa mtoto jina la mtu aliye hai, wale wawili ni wajina, na wajina sio mchezo. Mtoto akiugua, wajina wake anapelekewa habari. Mkubwa akivuna, fungu la kwanza ni la mdogo. Mtoto akilia bila sababu, wazee wanasema wajina wake analia huko aliko. Na binti yangu kweli amefanana na shangazi yake, hata namna ya kukaa, mkono shavuni.

Basi mimi nikapiga hesabu zangu za kiwoga. Damu ni ile ile. Na juu ya damu nimempa na jina! Nikaanza kumvizia mtoto wa watu. Akinyamaza kidogo, naruka: "Una nini?" Mtoto anasema anahesabu hesabu za shule.

Nikamweleza mama yangu. Mama hajasoma, lakini kusikia "inatoka kwenye ukoo" alielewa haraka kuliko mimi. Akamwita baba mdogo. Wakakaa, wakasema damu hatuwezi kuitoa, ila jina tunaweza. Mtoto abadilishwe jina.

Na jina halivuliwi hivi hivi. Mwenye jina akiwa hai unamfuata mwenyewe, uso kwa uso. Anajaza maji mdomoni, anakutemea kwenye viganja, anasema amelitoa. Basi. Wale wawili si wajina tena, hakuna anayemdai mwenzake kitu.

Zawadi alipinga. Alisema, "Mutu iko mugonjwa, unaenda kumunyanganya na mutoto?" Mimi nikaona anaongea hivyo kwa sababu ukoo wetu si damu yake. Nikaondoka na kuku mmoja wa heshima, roho inanisuta njia nzima.

Nilifika Lusangi mchana. Shemeji Ramazani, mume wa yaya, nilimkuta amekaa nje. Yeye anachimba dhahabu kwenye machimbo ya pale, lakini siku hizo alikuwa haendi.

"Malaria haitake kutoka," akaniambia. "Anakunywa maji, anakunywa maji, haachi. Na ile kidonda ya muguu haiponi."

Nikaingia ndani. Wakuu, yule hakuwa yaya niliyemjua. Amekonda, macho yako mbali. Lakini nyumba imefagiliwa vizuri, na nguo zake zimekunjwa zote, zimepangwa juu ya mkeka. Nikauliza kuku wake wako wapi, maana alikuwa na kuku wengi. Akasema amempa jirani. Jembe je? Amempa wifi yake.

Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, akaanza yeye.

"Mi najua kenye kimekuleta. Umekuja kubeba jina."

Nikashtuka, nikadhani mama amepiga simu. Hapana. Hakuna aliyemwambia.

"Ni muzuri umekuja," akasema. "Nilikuwa natafuta mutu wa kutuma kwako. Beba tu. Mutoto asibakie na jina ya mutu hayuko."

Akanyoosha mkono akachukua kikombe cha maji kilichokuwa karibu yake.

Sijui niwaelezeje. Mimi ndiye niliyeifunga safari ile, mimi ndiye niliyelitaka jina lile, na sasa linatolewa bure, tena kwa sauti ya upole. Na hapo ndipo nilipoelewa kuku, jembe na zile nguo. Alikuwa anaaga. Jina la binti yangu ndicho kitu cha mwisho kilichokuwa kimembakiza.

Kikombe kilishafika mdomoni. Nilikinyakua, nikanywa maji yote mimi. Nikayanywa kwa pupa mpaka nikapaliwa.

Akanitazama nikikohoa. Mara ya kwanza siku ile alinitazama kweli.

Nikamuuliza, sikujua hata kama ni ruhusa kuuliza: "Yaya, unataka kufa?"

Alikitazama kile kikombe kitupu. Halafu akasema, "Nimechoka, mudogo wangu. Nimechoka sana." Akaanza kulia, na mimi nikalia. Shemeji aliposikia kilio akaingia mbio, akidhani kuna msiba.

Nilimwambia shemeji akae naye, asitoke hata kwenda chooni kabla sijarudi. Nikapanda kilima kutafuta network. Dokta Furaha akapokea. Nikamwambia nimeharibu, nimemuuliza kuhusu kufa, labda nimempa wazo. Akasema hapana, kuuliza hakumpi mtu wazo la kufa, kunamfungulia mlango wa kusema. Msimwache peke yake. Mleteni hospitali ya Kabambare leo leo, yeye yuko pale.

Tukampandisha pikipiki, mimi mbele, yeye katikati, shemeji nyuma amemkumbatia. Kila shimo niliomba Mungu. Nilikuwa namsemesha huko mgongoni kwangu njia nzima, mambo ya kipuuzi, bei ya chumvi, mbuzi wa baba mdogo aliyekula daftari la mtoto, ilimradi nimsikie akiguna.

Pale wakampima. Sukari ilikuwa juu sana. Kiu ile, kidonda kile, uchovu ule, vilikuwa na jina lake, na halikuwa malaria. Wakaanza kumtibu sukari, na baadaye tukamleta Kasongo, akaanzishiwa pia matibabu ya sonona.

Nikamuuliza Dokta Furaha kipi kimeleta kipi. Akasema mara nyingi vinaendeshana: sukari inamchosha mtu mpaka roho, na mtu wa roho nzito hali chakula vizuri, hafuati dawa, mwili unazidi kuharibika. Na vinasaba? Akasema si kimoja, ni vingi, kila kimoja kinasukuma kidogo sana. Mtu anaweza kurithi mwelekeo na asiugue maisha yake yote. Na asiyerithi akaugua.

"Na jina?" nikauliza, aibu imenijaa.

Hakucheka. Akasema mgonjwa kama yule, kila kinachomfunga na watu ni cha kuongezewa, si cha kukatwa. Mama yangu alikuwepo. Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kutema mate kwenye kichupa. Majibu ya mtu mmoja mmoja hawatoi, wakuu, msiniulize.

Sasa yaya anaishi kwangu. Nisiwadanganye kwamba amepona. Zipo siku anapika na kunitania, zipo siku haamki, na siku hizo siendi kazini. Mimi bado mwoga. Nimepimwa sukari, iko sawa, na bado sijaamini mashine.

Lakini niwaambie la juzi.

Binti yangu alirudi shuleni, akakataa chakula, akakaa uso ukutani. Nilisimama pale mlangoni na kijasho chembamba. Yaya ndiye aliyekwenda. Akakaa chini kando yake, akamuuliza, "Wajina, unaumia wapi? Ku mwili ao ku roho?"

Mtoto akasema ku roho. Rafiki yake amehama, hakumuaga. Yaya akasikiliza hadithi yote mpaka mwisho, na ilikuwa ndefu. Baadaye wakala pamoja.

Nikamwambia yaya asante. Akasema, "Mimi ile swali hakuna mutu aliniuliza mupaka niko nazeeka."

Nilichojifunza ni hicho tu, wakuu. Kwenu kuna mtu anaitwa mvivu, au mwenye malaria isiyoisha, au anagawa vitu vyake ghafla? Muulize swali lile la yaya, kisha mpeleke akapimwe vyote viwili, mwili na roho.

Wenye ujuzi wa vinasaba nisahihisheni nilipokosea. Na ambaye mzee wake alikaa uso ukutani kama baba yangu, aandike hapa chini. Nitasoma na kujibu kila mmoja.