Mama Nta na Boneti ya Kaka Yake

Mtaa mzima ulimwita Mama Nta, na jina hilo hakulipata kwa kujipendekeza. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akiosha na kung'arisha magari katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya kaka yake, na hakuwahi kupaka kitu juu ya rangi asiyoijua.

Kila gari alilianza vilevile. Aliliosha, akalikausha, kisha akatia mkono ndani ya mfuko laini wa nailoni na kuupitisha polepole juu ya mlango. Uchafu usioonekana kwa macho, vidole viliusikia ukikwaruza kama mchanga. Akishausafisha ndipo aliposema: hili nta inatosha, hili lipakwe seramiki, kinga ngumu inayokaa miaka, hili libandikwe plastiki mbele, maana mwenyewe anashinda njia ya kokoto.

Alhamisi moja asubuhi, kaka yake mwenyewe aliingiza gari.

"Mdogo wangu, nipigie seramiki gari zima. Kesho nampokea mkubwa wa kazini uwanja wa ndege."

"Boneti imepakwa rangi lini?"

"Juzi. Imekauka, gusa."

Hakugusa. Aliinama akanusa, na harufu ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, ikampanda puani.

"Kaka, hii bado mbichi. Juu imekauka, ndani thina inatoka. Nikiifunika kwa seramiki leo itaota malengelenge. Subiri mwezi."

"Mwezi! Mkubwa atanisubiri mwezi mzima?"

"Mkubwa anakuja kupanda gari, haji kulioa."

Wifi yake, aliyekuwa akianika nguo, aliangua kicheko. Kicheko kile kilimchoma kaka mtu.

"Sawa. Ila kumbuka kibanda hiki kiko kwenye uwanja wa nani. Wanaokitaka ni wengi."

Watoto wawili wa Mama Nta walisomeshwa na kibanda kile. Alijua pia kwamba angeweza kupaka, gari likang'aa hadi kesho, na baadaye lawama akamtupia fundi wa rangi. Wengi hufanya hivyo. Huo ni wizi, hata kama mteja ameuomba mwenyewe.

Alitoa funguo za kibanda mfukoni akaziweka kwenye kiganja cha kaka yake.

"Mpe anayekitaka, na seramiki akupakie yeye. Mimi sitakuharibia gari huku najua."

"Baba watoto," wifi alisema, sasa bila kucheka, "miaka yote hii amewahi kukudanganya?"

Kaka aliziangalia funguo. Kisha akainama hadi pua ikakaribia boneti, akakunja uso.

"Inanuka kweli." Akamrudishia funguo. "Haya, fanya unavyojua."

"Milango ni rangi ya zamani, naipiga nta. Boneti maji matupu na kitambaa laini. Na usiegeshe chini ya mti, ndege wasije wakakutia sahihi."

"Mkubwa akiuliza mbona boneti haing'ai kama milango?"

"Mwambie ukweli."

Kaka alikuna kichwa. Akavua shati la kazini, akalitundika msumarini, akashika ndoo amsaidie dada yake kuosha.