Koti la Bwana Harusi

Wazungu wenye mashamba ya kahawa wa Mbozi walipofanya mazoezi ya mchezo wao wa nyimbo za kuchekesha, dobi wa klabu yao alinyoosha mavazi ya mchezo katika chumba cha pili. Pasi ya makaa aliisogeza kwanza karibu na shavu, asikie joto lake, ndipo aishushe kwenye koti jekundu la bwana harusi wa mchezo. Midomo yake ilifuata kila wimbo bila sauti. Kanisani aliimba besi, sauti nzito ya chini, humu aliimeza. Siku moja mwimbaji wa koti lile alishikwa na homa, kinanda kikalia bila mtu wa kuimba. Basi, besi ikapanda kutoka chumba cha pili. Kinanda kikanyamaza.

“Nani anaimba?” bwana mmoja aliuliza mlangoni.

Dobi alikuwa amejipimia koti kifuani. Akalirudisha mezani taratibu, akailaza vizuri mikono ya koti.

“Hakuna mtu, bwana. Ni pasi.”