Nilisahau nyumba moja ya Tabata siku ya msiba: hivi ndivyo nilivyojifunza kukumbuka

Wakuu, habari za humu. Haya yamenikuta mwenyewe na sijatia chumvi.

Naona vijana mnaulizana dawa za kuongeza kumbukumbu. Mie niliacha shule darasa la nne, utaalamu sina. Nina kosa nililolifanya enzi za Ujamaa.

Nilikuwaga mtu wa kuhamahama. Mwezi huu Buguruni, ujao Mtoni. Kwa kuwa njia zote nilizijua, watu wakawa wananituma kupeleka habari za misiba. Simu zilikuwa za maofisini, na mtu akifa alfajiri anazikwa alasiri. Lazima mtu azunguke nyumba kwa nyumba.

Siku hiyo akafariki Mzee Kondo wa Mtoni. Mkewe, Bi Mwanahawa, akanitajia nyumba tisa huku analia.

"Nimeshika, mama," nikasema. Sikurudia hata moja.

Pale Buguruni nikakuta fundi kafungua redio, matumbo yote nje. Mie na udadisi wangu nikasimama. Nikauliza hiki, nikauliza kile.

Nilipomaliza mzunguko nikahesabu kwa vidole: nane.

Ya tisa haikuja kabisa.

Hapa ndipo ishu ilipo, wakuu. Ningeweza kurudi kuuliza. Nikaona aibu. Nikasema nimemaliza.

Msibani wakamsubiri Seif, mdogo wake marehemu, seremala wa Tabata. Wakadhani kasafiri. Wakazika.

Kesho yake Seif akaja mwenyewe, mkononi kashika chupa ya dawa ya kifua.

"Kaka kaamkaje leo?"

Akatazama mikeka, akatazama watu, akakaa chini na chupa yake.

Nikamwambia ni mie niliyesahau, nilisimama kushangaa redio ya fundi. Hakunipiga. Akaniuliza tu, "Redio yenyewe ilipona?"

Bora angenipiga.

Bi Mwanahawa alikuwa ameshaingia eda. Akaniita, nikasimama nje ya pazia.

"Wewe kijana unapokea maneno kama chujio linavyopokea maji. Ungerudi kuniuliza ningekugombeza, basi. Seif angemzika kaka yake."

Kisha akasema, "Haya, nitajie zile nyumba."

Nikataja, nikakwama. Akaniambia nisizishike kama majina, nizipange kwa njia ninayopita, na kila mlango niuone. Huu wa kijani. Huu una mbuzi amefungwa. Huu wa Seif, maranda ya mbao hadi kizingitini. Nikataja tena, na tena, mpaka akaridhika. Mama huyu kusoma alikuwa hajui.

Mengine nikayapata kazini. Anayekutuma, mrudishie maneno kabla hajaondoka. Kila nyumba unayofika, taja zilizobaki, mwenyeji atakusahihisha. Na ukiwa na jambo kichwani, usisimame kwenye redio ya mtu. Hili la mwisho lilinishinda miaka mingi.

Ikapita miaka. Bi Mwanahawa naye akafariki, wakanituma mie.

Nikaanzia Tabata, japo haikuwa njia yangu ya karibu.

Seif aliponiona mlangoni akaweka randa chini. "Nani?"

"Shemeji yako, Bi Mwanahawa."

Akavaa kofia yake.

"Bado nyumba ngapi?"

"Saba."

"Zitaje."

Nikazitaja, mlango kwa mlango. Akasikiliza mpaka ya mwisho.

"Haya, twende wote," akasema. "Ukiona redio nitakushika mkono."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka nami.

Sasa mie ni mtu mzima, miwani naitafuta huku nimeivaa. Lakini zile nyumba tisa bado nazipita kichwani, kila asubuhi, nikianzia kwenye maranda ya Seif.

Kwa hiyo vijana, kumbukumbu yangu haikuharibiwa na kichwa. Iliharibiwa na haraka ya kusema "nimeshika", na aibu ya kurudi kuuliza.

Wewe ulisahau nini ambacho mpaka leo kinakuuma? Uwanja ni wenu, nasoma kila comment.