Umbo Asilolijua

Majina mimi sijapoteza hata moja. Nawajua kwa majina wote waliozaliwa huku kwetu juu tangu nipate akili, na waliokufa pia. Humu sitaandika jina la mtu, maana mwenye habari hii ni mume wangu, na yeye majina yamemtoka yote, hata langu.

Hali hiyo ilipoanza, hakuna aliyeniamini. Ni hizi adabu zetu. Huku kwetu mtu akija nyumbani haingii na neno lake hivi hivi. Ni shikamoo kwanza, halafu habari za kuamka, za watoto, za ng'ombe, za mahindi, na huko kwenu mvua imenyesha? Unaulizwa, unaitikia, na maneno ya kuitikia unayo tangu utotoni. Mume wangu aliitikia yote, hakukosea mahali. Mdogo wake alikuja kutoka Mgwashi kumwona, wakasalimiana mpaka chai ikapoa, kisha akanifuata jikoni.

"Shemeji, unamzeesha kaka yangu bure. Mzima kabisa yule! Labda aliyechoka ni wewe."

"Kamuulize jina lako."

"Nimuulize kaka yangu jina langu? Nimekuwa mtoto wa chekechea mimi?"

Akaondoka anacheka. Hata barabarani hajafika, mume wangu akaniuliza, "Yule bwana ni wa wapi?"

Nilitaka kujua jambo moja tu: kama bado yumo ndani ya mwili ule. Mtu unayemlisha, unayemkata kucha, unayelala ubavuni mwake, unataka kujua kama yumo.

Wakati wa likizo akaja mjukuu wetu wa kike, anasomea kompyuta chuoni. Babu yake ndiye aliyemfundisha mchezo wa Go alipokuwa mdogo. Babu naye aliupata ujanani, kwa Mjapani mmoja aliyekuja huku kwa mambo ya kupanda miti, na alipoondoka akamwachia ubao na kete zake. Ubao una mistari iliyokatana. Mmoja ana kete nyeusi, mwenzie nyeupe, mnaziweka moja moja pale mistari inapokutana, mnazungushana, mnanyang'anyana nafasi. Kete ikizibwa pande zote, inatolewa.

Mjukuu akauweka ubao barazani. Babu akachukua kete, akajibu. Akawekewa nyingine, akajibu, na mkono ukaenda moja kwa moja.

"Bibi, njoo uone! Nimetaka kumkata hapa, kaziba! Babu yuko vizuri!"

Akampigia simu shangazi yake aliyeolewa Mnazi, wakapiga kelele za furaha. Hata mimi nilijifuta macho kwa upindo wa khanga.

Jioni akanionyesha kazi yake ya chuo, programu inayocheza mchezo uleule kwenye kompyuta. Nikamuuliza kama inafikiri.

"Haifikiri, bibi. Inalinganisha maumbo tu. Haiangalii ubao wote. Inachukua kipande kidogo, mistari mitatu kwa mitatu, inakitafuta kwenye maumbo niliyoipa. Kete yako ikiguswa kichwani hivi, pinda hapa. Mwenzio akitaka kupenya katikati, ziba. Ikikuta umbo linalofanana, inajibu. Siku hizi zipo nyingine kali zinazojifunza zenyewe, lakini mwalimu wetu anataka tuanzie hapa."

"Kwa hiyo haijui inacheza na nani."

"Haijui hata kama inacheza!"

Yeye alicheka. Mimi nikazikumbuka zile salamu. Habari za ng'ombe? Nzuri. Za mahindi? Tunashukuru. Kumbe ndiyo haya niliyoyaona miezi yote nikakosa namna ya kuyasema. Na ule mkono uliotufurahisha barazani, je? Si ulikuwa unaitikia tu?

"Na ikikuta umbo ambalo hukuipa?"

"Inaweka popote palipo wazi."

"Haisemi haijui?"

"Bibi nawe! Iseme na nani?"

Nikaomba nijaribu. Mchezo wenyewe siujui vizuri, kwa hiyo haikuwa shida kuweka kete mahali ambapo mwenye akili zake hawezi kuweka. Kompyuta haikusita. Ikatupa kete yake pembeni kabisa, kama mtu anayetema ganda la muwa.

Asubuhi, mjukuu akiwa kisimani, niliketi mbele ya mume wangu, nikafanya vilevile. Niliogopa. Niliweka kete ovyo, moja huku, nyingine kule. Akachukua yake, akaipeleka, akairudisha. Akaipeleka tena. Akauangalia ubao muda mrefu, kisha akaniangalia mimi.

"Hapa sijui," akasema.

Akaiweka kete chini, akanigeukia tena.

"Na wewe sikujui, mama. Lakini usiondoke."

Nimeishi naye tangu nikiwa msichana, na maneno hayo hajawahi kuniambia. Hayamo katika salamu yoyote.

Mdogo wake aliporudi tena kutoka Mgwashi, nilimpokea nje ya uzio.

"Leo usimwamkie. Ingia, kaa naye kimya."

"Nisimwamkie kaka yangu? Shemeji, hiyo si adabu. Watu watasemaje?"

"Waseme. Kaa naye tu."

Aliingia kama mwizi, akaketi. Mume wangu akamtazama. Akangoja. Salamu haikuja, na yeye hakuwa na la kuitikia. Nikaona shemeji yangu anafungua mdomo, anaufunga, na machozi yakaanza kumtoka, mtu mzima na mvi zake. Mume wangu alimtazama sana usoni. Halafu akachukua kikombe chake cha uji, ambacho hata hakuwa amekionja, akakiweka mkononi mwa mdogo wake na kumkunjia vidole, kimoja kimoja, mpaka akakishika.