Rehema Moja, Makaburi Mawili

Niliondoka Bukavu kwa ajili ya Papa, baba yangu mzazi. Alifariki ghafla, padri akiwa bado njiani, na tangu siku ile nilikuwa najiuliza kama alikuwa tayari. Kisha, Jumapili moja, padri wetu alitukumbusha kwamba katika juma la kwanza la Novemba, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kumpatia mmoja wao rehema kamili. Dhambi ikisamehewa, alisema, alama yake hubaki, na roho husafishwa toharani. Rehema hiyo huiondoa alama yote. Masharti ni kuungama, kukomunika, kuombea nia za Baba Mtakatifu, na kutoshikamana na dhambi yoyote, hata ndogo. Na ni rehema moja tu kwa siku, kwa marehemu mmoja tu.

Nimesoma sheria, na masharti hunitesa. Hayo maneno "hata ndogo" yaliniondolea usingizi. Niliungama, nikatilia shaka maungamo yangu, nikarudi. Niliporudi tena, padri alicheka nyuma ya wavu.

"Bahati, ulishasamehewa. Toka sasa, watu beko banangoja."

Hivyo ndivyo juma lilivyoniishia mikononi, nikabaki na siku ya mwisho.

Alfajiri nilisali Misa ya kwanza, nikakomunika, kisha nikapanda moto, pikipiki ya abiria, pale Panzi kuelekea Mumosho, alikozikwa Papa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Upande wa kushoto Ruzizi ilionekana na kupotea, na ng'ambo yake vilima vya Rwanda vilikuwa bado na ukungu. Espoir, dereva wangu, aliimba njia nzima mpaka alipoingia dimbwini kwa kasi. Matope yaliniruka hadi magotini.

"Pardon, grand!"

"Haina shida," nilijibu, na kweli nilimsamehe. Lakini suruali ilibaki vilevile. Safari iliyobaki nilijiuliza kama ile hasira ya kwanza haikuwa imeniharibia kila kitu.

Tulipofika Mumosho, Tantine Nabintu, dada mkubwa wa Papa, alikuwa mlangoni akipukuchua maharagi, mguu mmoja umenyooshwa juu ya kigoda. Goti lake limekataa njia ya kanisa tangu mwaka jana, na padri humletea komunyo nyumbani. Asubuhi ile alikuwa ameshapita.

"Asinge, Tantine."

"Maître! Wakili muzima, unakuja kunisalimia ao unatoka kulima muchele?"

Alinipa chai na ndizi za kuchoma. Nilipomweleza kilichonileta, macho yake yaling'aa.

"Basi ukifika kule juu, umuombee na muzee yangu, marehemu bwana yangu, hiyo rehema. Miye mwaka huu siwezi kupanda."

Ningeweza kunyamaza. Badala yake nilimweleza sharti lote: moja kwa siku, marehemu mmoja.

Akarudia maharagi yake. "Basi ni ya papa yako," alisema polepole. "Muzee atangoja. Hata hapa duniani alikuwa mutu wa kungoja."

Niliweka kikombe chini, nikatoka nje, nikamkuta Espoir akisafisha moto yake mtoni, nikamwomba atupeleke. Tantine akienda mwenyewe, atapata ya mume wake, nami ya Papa. Nilijisifu kwa kupata suluhisho.

"Munataka niue goti yangu yote!" Tantine alipiga kelele tulipompandisha, lakini alikuwa ameshavaa kitenge chake cha Jumapili. Espoir aliendesha taratibu, mimi nikitembea nyuma na kumshikilia mgongo.

"Maman, unikamate nguvu," Espoir alisema.

"Nikukamate nguvu, bibi yako aseme nini?"

Makaburini, moto iliweza kufika kwenye kaburi la Papa tu. La Muzee liko chini, kwenye mteremko ulioteleza. Tantine aliketi kando ya msalaba wa Papa, akanituma: "Shuka umusalimie. Umutoshee majani."

Nilishuka nikishikilia migomba. Nyasi zilikuwa zimefunika hata jina. Niling'oa mpaka likasomeka, na hapo ndipo mawazo yakaniandama. Muzee hakuacha mtoto. Tantine akiondoka, nani atashuka hapa? Papa ana sisi, mwaka huu na miaka ijayo. Lakini kama Papa anateseka leo? Kama alama yake ni kubwa kuliko ya Muzee? Hakuna kitabu cha sheria kilichonijibu. Nilipiga magoti palepale matopeni, nikasali Nasadiki na Baba Yetu, nikaombea nia za Baba Mtakatifu, kisha nikasema: Bwana, ni ya Muzee. Papa, unisamehe.

Nilipopanda, Tantine alikuwa anapangusa uso kwa kitenge.

"Rehema yangu nimempatia Muzee," nilimwambia.

Alinitazama sana. "Unasema nini? Na miye yangu nimepatia papa yako."

"Lakini Tantine, si ulikuja kwa ajili ya Muzee?"

"Nilikuja kwa ajili yake. Nikafika hapa, nikakumbuka nilimubeba huyu mugongoni, mama yetu akiwa shambani. Ningemupita namna gani?"

Alicheka, kisha akalia, na mimi pia. Espoir alitazama kando, akawasha moto yake bila sababu, akaizima.

Nilirudi Bukavu jioni. Maman alinipokea mlangoni.

"Papa amepata?"

"Amepata. Tantine ndiye amemuombea."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilitaka kuanza kumweleza masharti, na kama mimi na Tantine tuliyatimiza yote, hata lile la dhambi ndogo. Lakini alikuwa ameshaniangalia magotini.

"Toa hiyo suruali."

"Nitafua mwenyewe, Maman. Ni mimi niliyeichafua."

"Toa, nimesema."

Akaketi uani na beseni, akaanza kufikicha matope ambayo hakuyaleta yeye. Nami, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, nilikaa karibu naye bila kuuliza kitu.