Nimo, Fundi Makochi Aliyeona Haya Kutupa Karata

Walimwita Nimo, na jina hilo alilipata mezani, si kwa wazazi. Kila zilipogawiwa karata, kabla hata hajazitazama vizuri, alikwishasema, "Nimo." Mbili na saba, nimo. Malkia na nne wasiofanana hata rangi, nimo. Kwa kazi alikuwa fundi makochi, wa wale wachache waliobaki wanaofunga springi kwa kamba, fundo kwa fundo, si hawa wa leo wanaobandika sponji kwa gundi na kumpa mteja kiti kinachochoka kabla ya mteja mwenyewe.

Fundi wa namna ile hatupi kitu. Kipande cha kitambaa kisichotosha hata kiti cha mtoto kilikwenda kapuni, maana marehemu baba yake alimfundisha kwamba kila kipande kina kiti chake mahali fulani, kinachotakiwa ni subira. Kazini maneno hayo yalimlisha. Kosa lake ni kuyabeba hadi kwenye karata.

"Zimekuja kwangu zenyewe," alizoea kumwambia mkewe. "Nizifukuze kwa kosa gani?"

"Kwa kosa la kuwa mbovu," mkewe alimjibu.

Marehemu baba aliwaachia karakana moja watoto wawili, Nimo na dada yake mdogo, akawaachia na utaratibu wake: ndugu wakishindwa kuelewana, wasipelekane mahakamani, wakae wacheze poka, na atakayebaki na vifungo ndiye mwenye neno. Vifungo vya makochi ndivyo walivyochezea. Siku hizi ndugu hugombana kwa simu, wakaandikiana maneno ambayo mtu hathubutu kuyatamka akimtazama mwenzake machoni. Zamani ulilazimika kutazama.

Safari hii ugomvi ulikuwa chumba cha mbele. Mume wa dada alitaka kukifanya duka la vifuniko vya simu, na Nimo ahamie stoo ya nyuma, isiyo na dirisha. Nimo alikuwa amefanya kazi chumba kile tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Wapita njia walimsalimia akiwa na misumari midogo mdomoni, naye akawaitikia kwa pua. Kumpeleka stoo ilikuwa ni kumzika akiwa anapumua.

Basi Jumapili mchana walikaa mezani Nimo, dada na shemeji. Mkewe Nimo hakucheza; alikaa pembeni akikunja nguo. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha tano hufunuliwa mezani kwa ajili ya wote, na mwenye mchanganyiko bora ndiye anayezoa. Wala hapakuwa na kikomo: ukitaka, unasukuma katikati vyote ulivyo navyo kwa mgao mmoja. Hapo ndipo watu wazima huonana utupu.

Nimo alianza kama kawaida yake. Nimo, nimo, nimo. Vifungo vikamtoka kama maji kwenye ndoo yenye tundu. Dada ndiye aliyetoka wa kwanza, kwa sababu kila alipopata karata nzuri alicheka, na wenzake wakamkimbia. Kisha Nimo akapata mfalme na tatu. Mezani akafunuliwa mfalme mwingine. Akasukuma zaidi ya nusu ya vifungo vyake. Shemeji akafuata bila haraka, akafunua zake: mfalme na ree, ambayo ni karata kubwa kuliko zote.

"Wafalme wetu wamelingana, shemeji," alisema akivuta vifungo. "Ila wangu kaja na tajiri, wako kaja na mgonjwa."

Mkewe Nimo aliacha shati alilokuwa analikunja. "Umeona, mume wangu? Zile mbovu kabisa hazikuumizi sana, hazipati kitu, unaziacha njiani. Inayokuumiza ni hii inayopata nusu. Inakupa tumaini, halafu inakuuza."

"Sasa nitupe kitu nilichopewa?"

"Kipande kilichooza huwa unakiweka kapuni?"

Nimo alifikiri. "Nakichoma. Kinaozesha na vingine."

"Haya."

"Wifi, usimfundishe," dada alisema. "Atatuharibia jina."

Mgao uliofuata Nimo alizitazama karata zake, akazisukuma mbele zikiwa kifudifudi. "Simo," alisema.

Shemeji aliacha kuhesabu vifungo vyake.

"Unaumwa?" shemeji aliuliza.

"Mzima."

Mgao wa pili, simo. Wa tatu, simo. Kila mara alitoa kile kifungo kimoja cha kiingilio, akaona kinavyokwenda. Dada alinyoosha kiganja akampima paji la uso. "Homa hana," alitangaza. "Labda ni uzee."

Ndipo akapata kumi mbili, jozi kamili. "Nimo," alisema, akasukuma vyote.

Shemeji alicheka. Alimjua mtu huyu tangu siku ya posa. "Njaa imemrudia," alisema, na akaingia na malkia na sita. Karata tano za mezani zilifunuliwa zote bila kumpa hata salamu. Nimo akazoa.

Ugonjwa ule hauponi, huhama. Shemeji aliona vifungo vyake vimepungua, akataka virudi mara moja, kama hawa wa sasa wanaotaka mavuno siku ya kupanda. Akaingia na nane na tatu. Akaingia na tano na mbili.

"Nimo," shemeji alisema tena, karata hazijagawiwa bado.

"Shemeji, hilo ni jina langu."

"Gawa karata."

Nimo aligawa. Mezani ikatokea tisa, na shemeji, mwenye tisa na nne, akachangamka kama aliyeokota pochi. Akasukuma kila alichobakiwa nacho. Nimo alimtazama kwa huruma, kwa maana aliijua furaha ile, kisha akafunua malkia wawili. Karata zilizobaki hazikubadili kitu. Mkewe akalichukua shati lake na kuendelea kukunja, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Chumba cha mbele kikabaki cha fundi. Kwa kujiamini, shemeji alikuwa ameshahamishia stoo kochi la mteja lililokuwa nusu kazi, na utaratibu wa marehemu ulisema aliyeshindwa hushika upande mzito. Walilibeba. Walipofika ukumbini dada akajitupa juu yake, akajilaza kama bibi harusi.

"Shuka, mke wangu, mgongo huu ndio unaokulisha."

"Kaka, mwambie asinitikise."

Nimo alicheka hadi akalegea mikono, na kochi likakwama mlangoni, yeye ndani, shemeji nje.

"Geuza kushoto," alisema Nimo.

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Kwa fundi," dada alijibu kutoka juu, na hakushuka.